Fundi Anajibu: Kisanduku cha Kumwita Bata Mzinga

Wasomaji wetu walioko Marekani wameleta maswali mengi kuhusu kifaa ambacho huku kwetu wachache wamewahi kukishika: kisanduku cha mbao chenye kifuniko, kinachoiga sauti ya bata mzinga jike. Huko bata mzinga wa porini huwindwa majira ya kuchipua, kati ya Machi na Mei katika majimbo mengi, na kwa kawaida anayeruhusiwa kuwindwa majira hayo ni dume. Ndiyo maana mwindaji huketi chini ya mti na kuita kwa sauti ya jike. Dume akivutika, husogea mwenyewe. Tumechagua maswali yanayowafaa wanaoanza useremala. Vipimo vyote ni vya milimita. Mwenye rula ya inchi akumbuke kwamba inchi moja ni milimita 25.4, na thumni ya inchi ni zaidi kidogo ya milimita 3.

Nianze na aina gani?

*Fundi, shikamoo. Nina mwaka mmoja tu katika useremala, na vifaa vyangu ni msumeno wa mkono, randa ndogo, patasi mbili, drili ya umeme na vibano sita. Jirani yangu anawinda na ameniomba nimtengenezee kifaa cha kumwita bata mzinga. Dukani nimeona aina tatu au nne, sijui ipi ninaiweza. — J.M., Louisville, Kentucky*

Marahaba, ndugu. Anza na kisanduku cha vipande vya kuunganisha kwa gundi: kuta mbili, kitako, kigogo cha mbele, kigogo cha nyuma, na kifuniko chenye mpini juu yake. Vifaa ulivyovitaja vinatosha kwa kazi yote. Kisanduku cha kuchimbwa ndani ya kipande kimoja cha mti kinasifiwa kwa sauti yake, lakini kubakiza kuta za milimita 3 pande zote mbili bila kutoboa ni kazi ya mwenye drili ya kusimama na mkono uliozoea. Kisahani cha jiwe au kioo kinachokwaruzwa kwa kijiti kinahitaji mashine ya kukereza. Kile cha kusukuma kwa kidole ni rahisi kukiunda, ila hakimfundishi sana anayeanza, kwa sababu sehemu inayotoa sauti imefichwa ndani na huwezi kuirekebisha bila kukifungua.

Muundo huu wa kifuniko kinachozunguka kwenye skrubu si mgeni. Henry Gibson wa Dardanelle, Arkansas, alipewa hataza yake mwaka 1897, na visanduku vingi vinavyouzwa leo bado vinafuata wazo hilo.

Kabla hujakata ubao, elewa sauti inatoka wapi. Kifuniko hakiugongi ukuta, kinaukwaruza. Chaki iliyopakwa chini ya kifuniko hukifanya kinate kwenye ukingo wa ukuta kwa kitambo kidogo mno, kiachie, kisha kinate tena, mamia ya mara kwa sekunde. Upinde wa zeze uliopakwa utomvu hufanya vivyo hivyo juu ya uzi. Ukuta mwembamba hutetemeka kwa kunata na kuachia huko, na chumba cha ndani hukuza mtetemo. Kwa hiyo kazi yako nzima iko kwenye mstari mwembamba ambapo kifuniko na ukingo vinakutana. Nakshi za ubavuni zinapendeza, lakini ziache hadi sauti ipatikane.

Mbao zipi kwa kuta, zipi kwa kifuniko?

*Nilinunua msonobari kwenye duka la vifaa vya ujenzi kwa sababu bei yake ni nafuu. Mume wangu anasema hautalia. Ni kweli? — Z.A., Columbus, Ohio*

Dada, mumeo amekuambia kweli kwa sehemu kubwa. Mbao za msonobari za ujenzi huuzwa zikiwa bado na unyevu mwingi, mara nyingi kati ya asilimia 15 na 19. Zina vifundo, na utomvu wake hupanda kwenye ukingo ukaifanya chaki iwe kama nta. Kisanduku kitatoa sauti siku ya kwanza, kisha mbao zitaendelea kukauka, kuta zitapinda na viungo vitaachia.

Kanuni inayofuatwa na waundaji wengi ni kuta za mti laini kidogo na kifuniko cha mti mgumu zaidi. Kwa kuta, popla ndiyo mbao ya kujifunzia: ni nafuu, nyuzi zake zimenyooka, inakatika vizuri na inashika gundi. Mwerezi mwekundu unatoa sauti tamu yenye mkwaruzo, ila hupasuka ukiubana vibaya. Mahogani na wolnati nazo ni nzuri. Kwa kifuniko chukua cheri, wolnati au mepo. Kwa kisanduku cha kwanza tungechagua kuta za popla na kifuniko cha cheri, na tusingebadilisha mchanganyiko huo hadi visanduku viwili vitatu viwe vimelia sawasawa. Anayebadilisha mbao kila mara hajui kosa limetoka kwenye mti au kwenye mkono wake.

Usijaribu kupasua mbao nyembamba mwenyewe kwa msumeno wa meza. Kipande cha milimita 3 kikinasa kati ya diski na ukuta wa msumeno hurushwa nyuma kwa nguvu, na vidole viko karibu. Maduka ya vifaa vya ufundi huuza mbao za popla zilizokwisha kupigwa randa hadi milimita 3. Ubao mmoja wa upana wa 100 na urefu wa 600 unatoa kuta sita, yaani visanduku vitatu. Chagua wenye nyuzi zilizonyooka toka mwisho mmoja hadi mwingine, bila kifundo, kisha uuweke ndani ya nyumba kwa wiki mbili ukiwa umeinuliwa hewa ipite pande zote. Mbao iliyokauka vizuri kwa kazi hii ina unyevu wa asilimia 6 hadi 8. Na vaa barakoa unapopiga msasa: vumbi la mwerezi na la wolnati huwasha kifua na ngozi ya watu wengi.

Vipimo kamili na mpangilio wa kazi

*Naomba vipimo vyote na hatua za kufuata, bila kuruka kitu. — P.N., Fort Worth, Texas*

Kuta mbili za popla: urefu 170, kimo 45, unene 3. Kitako cha popla: urefu 170, upana 42, unene 6. Kigogo cha mbele: upana 42, kimo 36, unene 25. Kigogo cha nyuma: upana 42, kimo 33, unene 20. Kifuniko cha cheri: urefu 250, upana 57, unene 15. Ongeza skrubu ya kipenyo cha 4 na urefu wa 45, na springi ndogo inayoingia juu ya skrubu hiyo bila kubana, yenye urefu wa 12 hadi 15 kabla ya kukandamizwa.

Vigogo vikate ili nyuzi zake zielekee upande wa urefu wa kisanduku, sawa na nyuzi za kuta. Wengi wanaoanza huzisimamisha wima. Nyuzi zikiwa wima, skrubu huingia kwenye ncha za nyuzi na kulegea baada ya msimu mmoja. Tena kigogo hakitapanuka na kusinyaa pamoja na ukuta, na kiungo kitafunguka. Kigogo cha nyuma ni kifupi kwa milimita 3 kwa makusudi, kifuniko kisikiguse kinapopita juu yake.

Anza na kuta. Zibandike mbili pamoja kwa utepe wenye gundi pande zote, ili zikatwe sawa. Weka alama katikati, kwenye milimita 85, juu kabisa ya ukingo. Kila mwisho shuka milimita 3, weka alama nyingine. Kunja ufito mwembamba uunganishe alama hizo tatu, chora tao, kisha punguza kwa randa na umalizie kwa msasa uliofungwa kwenye kipande bapa cha mbao. Tao hili ndilo linalokifanya kifuniko kiguse sehemu ndogo ya katikati badala ya kuburuzika urefu mzima wa ukuta. Likiwa na bonde au kinundu, kisanduku kitatoa sauti mbili zinazogombana.

Gundisha vigogo juu ya kitako kwanza, mbele na nyuma, ncha zikiwa sawa kabisa, kwa gundi ya mbao ya manjano. Ikishika, bandika msasa namba 120 juu ya kioo au sakafu bapa, usugue pande mbili za kiunzi hicho hadi rula isionyeshe mwanga chini yake. Hatua hii huchukua dakika kumi na ndiyo inayorukwa zaidi. Pengo dogo kati ya ukuta na kigogo halionekani kwa macho baada ya gundi, lakini linasikika: ukuta huvuma mvumo wa nyuki badala ya kuita.

Sasa gundisha kuta. Paka gundi safu nyembamba kwenye kitako na vigogo, si kwenye ukuta, isije ikatiririka chumbani. Weka kipande cha mbao nene nje ya kila ukuta kabla ya kubana, maana kibano kikiuma ukuta wa milimita 3 moja kwa moja huukunja. Gundi iliyotoka pembeni iache dakika ishirini au thelathini, iwe kama mpira, ndipo uiondoe kwa patasi. Ukiifuta ingali majimaji unaisukuma ndani ya mbao, na gundi iliyogandia chini ya ukuta huuzuia kutetemeka. Acha vibano usiku mzima.

Kifuniko kinahitaji subira kuliko sehemu nyingine. Uso wake wa chini lazima uwe na tao la upana: katikati unene wa 15, kwenye kingo zote mbili 12. Tao hilo ni sehemu ya duara lenye nusu kipenyo cha milimita 137. Lichore kwenye kadibodi kwa uzi na penseli, ulikate liwe kigezo. Fanya tao kabla ya kukata mpini, wakati ubao bado ni mstatili na jiriwa inaushika vizuri. Piga randa kufuata nyuzi, mistari myembamba, ukianzia kingoni kuelekea katikati, na upime kwa kigezo kila baada ya mipito michache. Maliza kwa msasa namba 120, kisha 150, uishie hapo. Uso uliolainishwa hadi ung'ae haushiki chaki. Ndipo ukate mpini: milimita 170 za mbele zibaki na upana wote, na 80 za nyuma zipunguzwe hadi upana wa 20 na kuviringwa kidogo zikae vizuri kati ya vidole.

Toboa kifuniko kwenye mstari wa katikati, milimita 12 kutoka ncha ya mbele, kwa keekee ya 5. Skrubu ni ya 4, na nafasi hiyo ya milimita moja ni ya lazima: kifuniko kinapaswa kuyumba kidogo kulia na kushoto kinapobadilisha ukuta. Kwenye kigogo cha mbele toboa kwa keekee ya 3, kina cha 25. Ukiruka tundu hili, kigogo kitapasuka. Weka springi kati ya kichwa cha skrubu na kifuniko, ukaze hadi kifuniko kisitikisike chenyewe ukikigeuza kisanduku, lakini kisogee kwa kidole kimoja.

Mwisho, pitisha msasa namba 150 kwenye pembe mbili za kila ukingo, mara nne au tano tu, ziwe za mviringo. Ukingo mkali kama kisu hukata chaki na kupiga yowe; ukingo bapa huburuzika. Paka chaki chini ya kifuniko, ushike kisanduku kwenye kiganja bila kubana kuta, na uvute mpini kwa mpigo wa sentimita moja hadi mbili bila kukiinua kifuniko. Sauti inapaswa kuanza juu, nyembamba, kisha ivunjike kwenda chini, nzito yenye mkwaruzo. Mvunjiko huo ndio sauti ya jike. Akiita kawaida hutoa milio mitatu hadi tisa ya aina hiyo, kwa mwendo ulio sawa.

Ukiridhika, chukua msasa ukapunguze ukuta mmoja kwa ndani, karibu na ukingo, hadi unene wa 2.5. Ukuta huo utalia chini zaidi kuliko mwenzake, na jirani au mteja wako atapata majike wawili ndani ya kisanduku kimoja. Usiende chini ya milimita 2.

Kinapiga yowe moja tu

*Kisanduku changu kinalia kwa nguvu lakini sauti ni moja tangu mwanzo hadi mwisho, kama bawaba kavu. Nimeongeza chaki, haikusaidia. — R.B., Des Moines, Iowa*

Ifute chaki yote kwanza. Chukua karatasi ya kaboni, ile ya kunakilia risiti, uiweke juu ya ukingo upande wa wino ukitazama kifuniko, kisha upitishe kifuniko taratibu mara moja. Geuza kifuniko utazame alama. Inapaswa kuwa fupi, ya milimita 15 hadi 20 kwa kufuata urefu wa ukuta, na iwe karibu na katikati.

Alama ikiwa ndefu, tao la ukuta ni bapa mno. Punguza ncha zake. Zikiwa alama mbili zenye nafasi katikati, kuna bonde kwenye ukingo au kifuniko kimejipinda. Alama fupi iliyo mahali pake huku sauti ikiwa bado moja ina maana kwamba tatizo liko kwenye tao la upana la kifuniko: kimebaki bapa, kwa hiyo hakibadilishi pembe kinapovuka ukingo, na bila pembe kubadilika sauti haivunjiki. Rudi kwenye kigezo cha kadibodi. Na kabla ya yote hayo legeza skrubu robo mzunguko, maana springi iliyokazwa mno hutoa yowe hilohilo. Kosa hilo ni la kawaida kuliko yote na kulirekebisha hakugharimu kitu.

Kosa lisilorekebishika ni ukuta uliopunguzwa kupita kiasi. Ukisikia mvumo hafifu usiokuwa na mkwaruzo hata kwa chaki mpya, ondoa ukuta huo kwa kisu na mvuke, ugundishe mwingine.

Chaki na vanishi

*Chaki ya ubaoni shuleni inafaa? Na nipake vanishi wapi? — Msomaji, Lancaster, Pennsylvania*

Tumia chaki isiyo na mafuta wala nta, ile inayouzwa kwa ajili ya visanduku hivi. Chaki nyingi za shule huchanganywa na viungo vya kupunguza vumbi, na viungo hivyo hujenga utando unaoteleza. Chaki ya kamba ya waashi usiiguse kabisa. Utando ukishajengeka, usikimbilie msasa, kwani unabadilisha tao ulilolihangaikia. Sugua taratibu kwa sponji kavu ya kijani ya kusugulia vyombo, kisha upake chaki upya.

Vanishi au mafuta ya mbao ni ya nje tu: ubavuni, chini ya kitako, mgongo wa kifuniko na mpini. Chumba cha ndani, kingo, na uso wa chini wa kifuniko vibaki mbao tupu. Funika kingo kwa utepe wa karatasi kabla ya kupaka, kwa sababu tone moja likiingia ndani ya nyuzi za ukingo litazima sauti mahali hapo, na kulitoa ni kukata upya. Usiguse uso wa chini wa kifuniko kwa vidole pia. Vidole huacha mafuta.

Mpingo na mninga kutoka nyumbani

*Shemeji yangu Tanzania anaweza kunipatia vipande vya mpingo na mninga. Nitengeneze kisanduku cha mpingo mtupu? — H.S., Houston, Texas*

Hapana, si kisanduku. Mpingo ni mzito kuliko maji na umejaa mafuta yake wenyewe. Ukuta wake hautetemeki kwa wepesi unaotakiwa, na chaki haikai. Ila kwa kijiti cha kukwaruzia kisahani cha kioo, mpingo ni katika miti bora unayoweza kuupata, kwa sababu ncha yake haichakai upesi na sauti yake ni kali, safi. Kijiti cha urefu wa 200, shina la unene wa 6 hadi 7, ncha iliyoviringwa. Upige msasa polepole: joto la msuguano huupasua mpingo nyufa ndogo zisizoonekana hadi uvunjike mkononi.

Mninga ndio wa kifuniko. Hausinyai sana wala kupinda majira yakibadilika, na ugumu wake unatosha. Mti wenye mafuta ufute kwa asetoni mahali pa gundi, gundisha ndani ya dakika chache kabla mafuta hayajapanda tena.

Sasa sheria, ndugu, maana hapa ndipo watu huponzwa na zawadi ya nyumbani. Mpingo umo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017, na mninga uliingia 2023. Mbao ghafi za miti hiyo haziwekwi tu kwenye begi. Zinahitaji kibali cha nchi zinakotoka, na forodha ya Marekani huwa na haki ya kuzitaifisha zikikosa karatasi. Shemeji aanze kwa kuuliza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ikiwa unataka vijiti viwili tu, nunua vipande vidogo kwa muuzaji wa Marekani ambaye ameshaviingiza kihalali.

Nina mashine ya kukereza

*Nimeshaunda visanduku, sasa nataka kisahani. Nipe vipimo vya kuanzia. — T.K., Nashville, Tennessee*

Chukua wolnati au cheri ya 105 kwa 105, unene wa 25, uikereze hadi kipenyo cha nje cha 100. Kwa juu chimba kitanda cha jiwe: kipenyo cha 89.5, kina cha 3, kwa kisahani cha jiwe cha 89 kinachouzwa tayari kimekatwa. Bakiza ukingo wa kukalia wa milimita 3, kisha shuka na chumba chenye kipenyo cha 83 hadi kina cha 19 kutoka juu. Katikati usichimbe hadi chini: acha kisiki cha kipenyo cha 30, ambacho juu yake ni kina cha 11.5. Hapo hukaa kioo cha pili cha kipenyo cha 76 na unene wa 2.5, kinachorudisha sauti. Kati ya kioo hicho na mgongo wa jiwe itabaki nafasi ya milimita 6. Nafasi ikipungua sauti hubanwa na kuwa ya puani, ikizidi, hupotea. Kioo kisiguse ukuta popote. Chini toboa matundu manane ya 10 kuzunguka kisiki, na utumie gundi ya silikoni, safu nyembamba, kwa jiwe na kioo.

Jiwe likwaruze kwa sponji ya kijani kwa mwelekeo mmoja tu, na kijiti kipite kukatiza mistari hiyo.

Bata mzinga wa kufugwa

*Nafuga bata mzinga hapa Nakuru. Wataitikia kisanduku hiki? — Mama W., Nakuru*

Wataitikia, mama. Bata mzinga wa kufugwa na wa porini Amerika ni jamii moja, na waliofugwa asili yao ni Mexico. Dume hujibu kwa ule mlio wake wa kugugumia, tena hujibu hata mlango ukibamizwa. Unaweza kuwazoesha kurudi bandani kwa kuita kila unapowapa chakula jioni. Ita kifupi na uwape chakula papo hapo, la sivyo watazoea kupuuza.

Kukijaribu msituni

*Naweza kwenda kukijaribu porini msimu ukiwa wazi, bila kuwinda? — J.M. tena, Louisville*

Tunakuomba usifanye hivyo, ndugu J.M. Wakati wa msimu, sauti nzuri ya jike humleta mwindaji mwingine kama inavyomleta dume, naye anakuja na bunduki akitafuta rangi za kichwa cha dume: nyekundu, nyeupe na buluu. Jaribu nyumbani, au nje ya msimu. Jirani yako mwenye leseni naye aketi mgongo wake ukiwa kwenye mti mpana kuliko mabega, asivae rangi hizo tatu hata kwenye soksi, na akiona mtu anakaribia aseme kwa sauti ya binadamu badala ya kupunga mkono au kuita tena.

Kililia vizuri Februari, Aprili kimenyamaza

*Nilikimaliza ndani ya nyumba wakati wa baridi, kikalia vizuri sana. Sasa kifuniko kinateleza tu. — A.L., Lexington, Kentucky*

Nyumba yenye joto la tanuri wakati wa baridi huwa kavu sana, na asubuhi ya Aprili msituni ina umande. Ukingo umevuta unyevu. Usikianike juani wala kukiweka karibu na jiko, maana kitapinda. Kiache ndani siku mbili kifuniko kikiwa kimesogezwa pembeni kisiguse kuta, futa chaki ya zamani, paka mpya. Mara nyingi sauti hurudi. Isiporudi, pima kwa karatasi ya kaboni kama tulivyoeleza hapo juu, maana huenda tao limesogea na linahitaji mipito miwili mitatu ya msasa.

Ukienda nacho msituni kifunge ndani ya mfuko wa plastiki wa mkate. Wakati wa mvua nyepesi wawindaji huita mkono na kisanduku vikiwa ndani ya mfuko huohuo. Weka kipande cha kitambaa kikavu kati ya kifuniko na kingo wakati wa kutembea, kisilie chenyewe kila unapopiga hatua.